Kuhee Amezama

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Paa la kibanda chetu cha ushonaji linavuja pale pale penye meza ya kukatia, kwa hiyo leo tumekatia vitambaa kitandani kwa Mama Reve. Jina lake kamili ni Révérienne, lakini hapa Ujiji hakuna mwenye subira ya jina lote hilo. Najifunza kushona kwake tangu nilipomaliza kidato cha nne, na mpaka leo asubuhi nilidhani namfahamu: mjane, mkali wa pindo, Jumapili kanisani, simu ni ya kupokelea oda tu.

Leo nimemkuta anahangaika na simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, kidole kimoja kinaandika mbio: kushoto, kushoto, kushoto.

"Mama, unamwandikia nani?"

"Simwandikii mtu. Namtoa mtoto kwenye tope."

Akanieleza. Vijana fulani wa Mombasa wameweka mchezo mtandaoni, mubashara, usiku na mchana. Kuna mtoto mwenye kofia ya ukindu anayezunguka nchi ya madubwana. Anayakamata, anayafuga, anayapiganisha na madubwana ya wengine. Sasa ajabu yake ni kwamba hakuna mchezaji mmoja. Yeyote anayetazama anaandika neno lake, juu, chini, kamata, kimbia, na mtoto anayatii yote. Watu ni maelfu, Wakenya, Wakongo, Waganda, Warundi, sisi. Huyu anasema juu, yule anasema chini, na mtoto anagonga kichwa mwambani kama nzi kwenye kioo.

Nilibaki mdomo wazi. Mama wa miaka hamsini na kitu ananifokea, "Ikram, usinisimamie kama mlingoti, toa simu yako uandike kushoto!"

Nikaandika. Mchana mzima ukaishia kumtoa mtoto kwenye tope.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Gauni la bibi harusi limechelewa, mama mkwe amekuja juu. Mtoto bado yuko pangoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo, kwenye ziwa la mchezo, tumekamata dubwana kubwa kuliko yote. Ni samaki mwenye pembe na paji la uso lililovimba, mithili ya kuhe wa hapa ziwani. Mama Reve ana kundi la wasapu la wachezaji wa Kiswahili, nami ameniingiza. Alirekodi sauti, akawasihi wote: "Jamani, aitwe Kuhe, ni samaki wa kwetu." Lakini hata jina linaandikwa na watu wote kwa pamoja, herufi kwa herufi, na kila mtu ana kidole chake. Likatokea Kuhee. Mama Reve alicheka hadi akafuta machozi kwa utepe wa kupimia.

Vijana wa Mombasa wana sharti moja gumu. Dubwana likishindwa vitani halirudi. Limekufa. Ndiyo maana watu wanalishikia roho.

Jumamosi, 23 Novemba

Mama Reve ameanza kumtarizi Kuhee kwenye foronya na nguo za watoto. Pembe za njano, mwili wa buluu. Zinanunuliwa kuliko magauni. Nuhu, mvuvi mwenza wa kaka yangu Khamisi na mtoto wa Bi Mwanamvua wa nyuma ya msikiti, alileta suruali ipunguzwe, akamwona Kuhee ukutani, akataka awekewe kwenye mfuko wa shati.

"Anilinde ziwani, mama."

"Huyu halindi mtu, mwana wanje. Huyu analindwa na watu maelfu na bado anakula vipigo."

Mwana wanje ni mwanangu, kwa lugha ya nyumbani kwake. Akamtarizia hata hivyo.

Jumanne, 3 Desemba

Khamisi amerudi kutoka ufukwe wa Kibirizi mikono mitupu. Radi zimewazuia kuingia ziwani wiki hii yote. Akiwa hivyo hasemezeki, hata chai anaitazama kama imemtukana.

Jumatano, 18 Desemba

Yunisi, jirani yetu anayeuza mkaa, amerudisha foronya. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Reve, chukua kitu chako. Mwanangu anaweweseka. Anasema kuna samaki anamwita."

"Ni katuni, Yunisi. Ni mchezo wa simu."

"Mchezo gani mtu mzima anakaa anaita, juu, chini, njoo, kamata? Dagaa wenyewe wamepotea. Watu wana macho."

Alipoondoka nilimsikia akimwambia mwanamke mwingine barabarani, "Mrundi yule." Nilishtuka. Mama Reve aliletwa huku mgongoni mwa mama yake, hata kutambaa hajajua. Uraia anao, makaburi ya wazazi wake yako hapa. Yunisi mwenyewe alivaa gauni la Mama Reve siku ya harusi yake. Sijawahi kusikia mtu wa mtaa huu akimwita hivyo.

Mama Reve aliikunja ile foronya mara mbili, akairudisha kabatini. "Tia uzi mweupe," akaniambia.

Jumatano, 8 Januari

Kuhee amekufa.

Tulikuwa kwenye pigano la bwawa kubwa. Madubwana yetu mengine mawili yalikuwa yameshaanguka. Kuhee alikuwa hoi, na kilichotakiwa ni neno moja tu, kimbia. Tuliandika kimbia, kimbia, lakini kuna kundi la wahuni waliokuwa wakiandika pigana kwa makusudi, na wengine wakafuata kwa sababu waliona wengi wanaandika. Kuhee akapigana. Akazama. Skrini ikawa buluu tupu.

Nimeona aibu kulia, nikalia. Mama Reve alirekodi sauti kuwatuliza wenzetu wa kundini, akaongea taratibu kama msibani: "Jamani, tumewaua wawili leo, na Kuhee naye amezama. Msilie. Kesho tunaingia tena ziwani, tutachukua mwingine mkubwa zaidi." Mkenya mmoja akajibu kwa vicheko: "Mama huyu ni moto!"

Tukarudi kwenye vifungo.

Alhamisi, 9 Januari

Radi imepiga mtumbwi wa akina Khamisi alfajiri wakirudi ufukweni. Nuhu amefariki. Dismasi, mvuvi mwenzao, amefariki. Khamisi yuko hai, sikio moja halisikii. Nuhu amezikwa leo baada ya Alasiri.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 10 Januari

Tumetoka kumzika Dismasi. Kwenye msiba mwanamke wa jirani alinisogezea simu sikioni. "Hebu sikiliza hii, wewe si unamjua?"

Sauti ya Mama Reve. "Tumewaua wawili leo, na Kuhee naye amezama. Msilie. Kesho tunaingia tena ziwani, tutachukua mwingine mkubwa zaidi."

Nikakaa chini kwenye mkeka wa watu. Kwenye simu, juu ya ile sauti, kulikuwa na maandishi: Imetumwa mara nyingi. Haikuwa na mchezo, haikuwa na mtoto wa kofia, haikuwa na wale waliokuwa wanalia kundini. Ilikuwa sauti tu. Mtu wa mbali aliirusha kama kichekesho, mwingine akairusha tena, na imesafiri nchi hizo zote ikaja kutua kwetu, siku ya pili ya msiba.

Nilisema, "Hiyo ni ya mchezo! Aliitoa Jumatano, radi imepiga Alhamisi!"

"Ndiyo hivyo hivyo," mwanamume mmoja akasema. "Alisema kabla."

Na shati. Nuhu alikufa amevaa lile shati. Waliomvua wanasema mwili mzima uliungua, yule samaki tu mfukoni alibaki mzima. Nilimuuliza Khamisi kama ni kweli. Alinitazama, kisha akatoka nje.

Nilimkimbilia Mama Reve, nikamsihi aondoke leo leo, aende Simbo kwa kaka yake Ngendakumana. Akasema, "Nikimbie nini? Hawa wote nimewapima viuno. Kesho nitakwenda kwa Bi Mwanamvua nimweleze mwenyewe."

Jumapili, 12 Januari

Ya jana naiandika leo. Jana sikushika kalamu.

Mama Reve alikuwa amevaa kitenge chake cheusi tayari kwenda kutoa pole. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Nikasikia mlio kama wa mvua nyingine inakuja, nikachungulia. Walikuwa watu, wameijaza barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nawajua. Fundi baiskeli. Kijana anayetuletea maji. Mwalimu wangu wa madrasa, mtu mpole, ameshika fimbo. Mbele kabisa alikuwa Khamisi, kafi la mtumbwi mkononi.

Nilifunga mlango, nikaweka komeo. Mama Reve alisimama katikati ya chumba. "Nifungulie niongee nao," akasema.

"Mama, hawa hawaongei."

Nilipaza sauti dirishani. "Khamisi! Mimi Ikram! Niko ndani!" Aliniona. Naapa aliniona, macho yetu yalikutana. Akainua kafi, akapiga mlango. Ubao ukapasuka katikati.

Nilimvuta Mama Reve kwa mlango wa uani. Ua wetu una uchochoro wenye matawi mawili. Tulipotokea tu, mtu aliyekuwa juu ya ukuta akapiga kelele, "Kulia! Amepita kulia!" Mwingine, "Kushoto, kushoto, mzungukeni!" Maneno yale yale ambayo tumeyaandika miezi yote hii tukicheka. Nilisimama, kweli nilisimama, mpaka Mama Reve mwenyewe akanisukuma.

Jiwe lilikuja kutoka nyuma, likampata kwenye paji la uso alipogeuka kuniangalia. Sikuona nani amelirusha. Damu ilimfunika jicho. Akasema kwa sauti ndogo tu, "Mana yanje," yaani Mungu wangu kwa Kirundi, na akaendelea kutembea.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Yunisi. Yunisi yule yule wa foronya. Alitoka, mikono myeusi kwa mkaa, akamshika Mama Reve kwapani, akamwingiza ndani, akamlaza nyuma ya magunia, akamfunika gunia tupu. Mimi akanisukumia jikoni kwa wanawe. Kisha akasimama mlangoni, akaziba njia yote kwa mwili wake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mchawi!"

"Mimi nauza mkaa. Mnataka mkaa?"

"Tupishe tuangalie."

"Ndani kuna mtoto mgonjwa, na mume wangu hayupo. Nani kati yenu anaingia chumbani kwangu? Aseme jina lake kwanza, nimjue."

Nilikuwa nikitazama kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Walisukumana, kila mmoja akamtazama wa pembeni yake, kisha wakarudi kibandani kwetu. Huko walitupa cherehani zote mbili mtaroni, wakarundika vitambaa barabarani na kuvimwagia mafuta ya taa. Mvua ikarudi kwa nguvu, vikawa vinatoa moshi tu. Mwenyekiti wa mtaa alipofika na askari, barabara ilikuwa tupu. Tupu kabisa, kama watu wale hawakuwahi kuzaliwa.

Mama Reve ameshonwa paji la uso, na ameshapelekwa Simbo. Nilimuuliza Yunisi kwa nini alimwokoa.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimetoka niende nao. Nikaiona ile damu."

Alhamisi, 16 Januari

Fundi baiskeli amenisalimia leo. "Ikram, za siku? Mama hajambo nyumbani?" Kijana wa maji ameuliza kama nahitaji dumu. Hakuna aliyepepesa jicho. Hili limenitisha kuliko Jumamosi.

Khamisi analala hapa, anakula hapa. Hatusemezani. Mama yetu mzazi amejaribu kutukalisha, nimekataa.

Jumanne, 21 Januari

Nimeandika kwenye kundi la mchezo yaliyotupata. Wengine wamesikitika sana. Mmoja ametuma picha za vicheko. Yule Mkenya ameandika, "Sikujua, wallahi sikujua," kisha amejitoa kundini. Mchezo unaendelea. Wameshapata dubwana jingine.

Jumamosi, 25 Januari

Leodgar ana kibanda cha kuonyesha mpira pale Kibirizi, na kumbe naye ni mchezaji wa siku nyingi. Tangu Ijumaa ile ya msiba alijua ile sauti ilikuwa ya nini.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza jana.

"Ningeonekana na mimi nimo."

Nilimwambia vijana wa Mombasa wamehifadhi michezo yote ya nyuma, hata ya tarehe nane. Akae na woga wake, mimi nataka skrini tu. Mwisho akaniambia nije leo, mvua ikiwafukuza watu ufukweni.

Ikawafukuza. Kibanda kilijaa, wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wapagazi, maji yanawatiririka, wanasubiri mpira. Nikasimama mbele. Sijawahi kusimama mbele ya wanaume wengi kiasi hicho. Nikasema, "Mimi Ikram, dada yake Khamisi. Mnaijua sauti hii?" Nikaicheza kwenye spika. Kila mtu aliijua. Wengine walianza kuguna.

"Sasa tazameni alichokuwa anakitazama alipoitoa."

Leodgar akawasha. Kwenye skrini kubwa akatokea mtoto mwenye kofia ya ukindu, anagonga kichwa ukingoni mwa bwawa. Maneno ya watu yakapanda pembeni: juu, chini, kimbia, pigana, pigana. Madubwana mawili yakaanguka. Akatoka Kuhee mwenye pembe za njano. Akapigwa, akazama, buluu ikajaa ukuta mzima. Nikaicheza tena sauti. Tumewaua wawili leo, na Kuhee naye amezama.

Mtu mmoja alicheka. Wawili, watatu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Sikuwa nimemwona Bi Mwanamvua, mama yake Nuhu. Huwa anakuja kununua dagaa, na alikuwa ameingia kujikinga mvua. Alisogea hadi kwenye skrini, akanyoosha kidole.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

Aligusa zile pembe za njano. "Huyu ndiye aliyekuwa kwenye shati la mwanangu."

"Ndiye."

"Katuni." Akawageukia. "Mlinijia msiba wa mwanangu bado moto kifuani, mkaniambia mama, tumekulipizia. Mlinilipizia kwa katuni?"

Wakaanza kusema. Mimi sikufika mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nilifuata kuona kuna nini. Mimi nilikuwa napita. Kibanda kizima kilikuwa nyuma. Nilikuwepo ndani ya ile nyumba. Kama wote hawa walikuwa nyuma, nani alikuwa mbele?

Khamisi alikuwa kwenye benchi la mwisho, kichwa kati ya magoti. Yeye hakusema alikuwa nyuma.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda Simbo. Mama Reve anapalilia maharage na kaka yake. Nilimsimulia ya kibandani, nikidhani atafurahi. Alisikiliza, akauliza, "Bi Mwanamvua anakula vizuri?" Basi.

Wazee wa mtaa walikuwa wameshafika kabla yangu, na ndizi na mchele. Walisema, "Mama, mtaa unakuomba radhi." Akawapikia huo mchele wao, wakala, wakaondoka. Simu yake iko kabatini, imezimwa.

Jumanne, 18 Februari

Yunisi amezifukua cherehani mtaroni na kuzisafisha kwa mafuta. Moja inazunguka.

Alhamisi, 27 Februari

Ramadhani ni kesho kutwa au mtondo. Watu wanaombana msamaha barabarani, wanapeana mikono. Asubuhi Khamisi alisimama mlangoni kwangu, ameoga, amevaa kanzu. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu Januari.

"Nipeleke Simbo."

Nilitaka kukataa. Nikachukua cherehani ile inayozunguka, nikamtwisha yeye.

Mama Reve alikuwa uani anamenya mihogo. Khamisi aliiweka cherehani chini, akapiga magoti kwenye tope na kanzu yake.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Tulikukosea. Tulikuwa na uchungu, tulidanganywa, tulikuwa wengi..."

"Sijauliza mlikuwa wangapi." Kisu kiliendelea kumenya. "Wewe ulifanya nini?"

"Tuli..."

"Wewe, Khamisi."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya majani ya migomba, na Ngendakumana alikuwa amesimama mlangoni na jembe lake. Nilidhani kaka yangu atainuka aondoke.

"Nilivunja mlango," akasema.

"Nilikuona. Na nini tena?"

"Nilizunguka uani." Akashusha pumzi. "Jiwe nilirusha mimi."

Kumbe muda wote huu nimekula naye sahani moja. Nimemnyima salamu kwa ajili ya mlango.

Mama Reve aliweka kisu. Akafungua kilemba, akainamisha kichwa kuelekea kwake. Kovu linaanzia juu ya nyusi linaingia kwenye nywele.

"Sogea. Litazame."

Khamisi alilitazama. Hakuruhusiwa kugeuza uso hadi mama mwenyewe alipofunga tena kilemba.

"Watu wengi wamefika hapa kuniambia tusamehe," Mama Reve akasema. "Wewe ni wa kwanza kuniambia mimi. Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini umetoka mbali na mvua inanyesha. Ingia ule."

Aliingia. Walimwekea ugali wa muhogo na maharage. Nilikaa upande wa pili wa mkeka, nikawa naangalia mkono wake wa kulia ukikata tonge, ukichovya, ukipanda mdomoni. Mkono uliokuwa unanishika nisizame nilipokuwa najifunza kuogelea ndio uliolirusha lile jiwe. Sikuweza kula. Mama Reve akasogeza sahani ya mboga karibu yake, kwa sababu alikuwa mgeni, na yeye akachukua, huku machozi yakimdondokea kwenye ugali.